Kabla Kanisa Lenu Halijafungua Shule

Ndugu kutoka Muheza, Korogwe na hata Handeni hunipigia simu na swali lile lile: kanisa letu lina kiwanja, watoto wa shule ya Jumapili ni wengi, tunataka kufungua shule, tuanze na shilingi ngapi? Mimi ni meneja wa shule ya msingi ya Kikristo hapa Tanga mjini. Nimekuwa nayo tangu ilipokuwa darasa la awali lililokaa kwenye mabenchi ya kanisa, na sasa ina madarasa yote. Jibu langu ni moja: kabla hamjanunua tofali, wekeni benki mishahara ya walimu ya mwaka mzima.

Wengi hudhani Ukristo wa shule uko kwenye jina la Biblia lililoandikwa getini, kwenye sala ya paredi na kwenye sketi zinazofunika magoti. Hayo yote tunayo, na ninayapenda. Lakini watu wa mtaani wanaupima Ukristo wenu kwingine. Wanaangalia tarehe ya mshahara, mnavyozungumza na mama ambaye ada imemshinda, na mnavyomlea mtoto wa Kiislamu aliyekaa dawati la mbele. Shule yetu imekua kwa hayo matatu kuliko kwa tangazo lolote tulilowahi kubandika.

Kuhusu kiwanja nitasema kwa ukali kidogo. Hati iwe kwa jina la bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa Serikali wa usajili na udhamini, chini ya Sura ya 318 ya sheria za nchi. Isiwe kwa jina la mchungaji, wala la mzee wa kanisa aliyetoa shamba lake kwa moyo mweupe. Naufahamu usharika mmoja ambao mtoaji alifariki, watoto wake wakaja na mwenyekiti wa mtaa kudai eneo lililokwisha kujengwa madarasa mawili. Hawakuwa watu wabaya. Baba yao hakuacha maandishi, na wao wana haki ya kurithi. Maandishi yangewalinda wote.

Wazee wetu wa pwani wanalijua jambo hili la nani mwenye shule. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868 na kukusanya watu waliokombolewa utumwani, wakawafundisha watoto kusoma, kilimo na ufundi. Huku kwetu Waanglikana wa UMCA, misheni kutoka Uingereza, waliweka kituo Magila, na milimani Usambara Walutheri walianza kazi Mlalo mwaka 1891. Kila palipojengwa kanisa, shule ilifuata, mara nyingine ilitangulia. Kisha Sheria ya Elimu ya 1969 ikazitia shule hizo mikononi mwa Serikali, ili mtoto asinyimwe nafasi kwa sababu ya dini yake. Nia ile naiheshimu hadi leo. Makanisa yalibaki zaidi na seminari na chekechea. Mwaka 1992 Serikali na makanisa walitia saini hati ya makubaliano kuhusu huduma za jamii, na marekebisho ya sheria ya 1995 yakapanua nafasi ya taasisi na watu binafsi kumiliki shule. Kwa hiyo unapogonga hodi leo kwa mzee wa Ngamiani ukamwambia mnafungua shule ya kanisa, yeye ana kumbukumbu zake. Huenda alisoma kwenye moja. Anajua ilivyokuwa nzuri na anajua ilipomuumiza. Kaa umsikilize kabla hujamweleza mipango yako.

Usajili hauna njia ya mkato. Mnaomba kibali cha kuanzisha shule, mnaomba kuthibitishwa mwenye shule na meneja wake, halafu ndipo shule inasajiliwa. Msiandikishe mtoto hata mmoja kabla ya namba ya usajili kutoka, maana mtoto ndiye atakayeumia siku mkiambiwa mfunge. Wathibiti ubora wa shule waiteni mkiwa bado na ramani mezani, paa lisijepanda kwanza. Watawaambia mambo ambayo fundi hajui: darasa lisizidi watoto 45, tundu moja la choo kwa wasichana 20, moja kwa wavulana 25. Kwa maeneo ya chini yanayokaribia bahari, ongezeni lenu hapo. Masika ikikolea maji ya ardhini hupanda, na shimo lililochimbwa kiangazi hujaa kabla ya Juni. Jengeni vyoo vizuri kuliko ofisi ya mwalimu mkuu. Msichana wa darasa la sita haachi shule kwa sababu ya ofisi.

Halafu kueni darasa moja kwa mwaka. Awali, mwaka unaofuata darasa la kwanza, na kuendelea hivyo. Kishawishi kitakuja. Wazazi wataleta watoto wa darasa la tano wakiwa na ada mkononi, na wahasibu wenu watawaambia mkiwachukua hawa mtamaliza ukuta. Sisi tulikataa, na nashukuru bodi ilisimama. Mtoto aliyeanza kwenu awali anajua kusoma kwa namna mliyomfundisha, anamjua mwalimu wake, na mama yake anajua mlivyomhangaikia siku alipougua homa. Mkijaza madarasa ya juu haraka, mtatumia miaka kuwafundisha kusoma watoto wanaotakiwa kujiandaa na mtihani, na walimu wa madarasa ya chini wataachwa bila msaada.

Sasa walimu, na hapa nitakaa.

Kila ajira mpya za Serikali zinapotangazwa, shule za binafsi nchi nzima hupoteza walimu. Nimewasikia wenye shule wakisema walimu wa siku hizi hawana shukrani. Mimi siafiki. Mwalimu anakimbilia serikalini kwa sababu kule mshahara wa Juni na wa Desemba unatoka, michango ya hifadhi ya jamii inafika, na akipata ujauzito haogopi. Shule nyingi za binafsi humlipa mwalimu miezi ambayo watoto wapo darasani tu, kana kwamba likizoni hali chakula. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iko wazi: likizo ya mwaka siku 28 zenye malipo, likizo ya uzazi siku 84, na siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa jumla ni asilimia 20 ya mshahara. Wekeni yote hayo kwenye bajeti siku ya kwanza, hata kama itamaanisha kuanza na walimu wachache.

Kwetu orodha ya malipo huanza na mlinzi, anafuata mpishi na wahudumu, kisha walimu, kisha mwalimu mkuu, na meneja huwa wa mwisho. Mhasibu haruhusiwi kushuka mstari kabla wa juu hajalipwa. Mwezi ambao fedha hazikutosha, waliosubiri ni sisi wa chini ya orodha, na walimu walilijua hilo kwa sababu orodha ilibandikwa ofisini kwao. Wapo walioondoka kwenda serikalini, tukawaaga kwa ibada na chai. Wapo waliobaki ambao ningewalilia wangeondoka. Mwalimu wetu wa darasa la kwanza amewafundisha kusoma watoto wa mtaa mzima wa Makorora. Anainama mpaka uso wake unalingana na wa mtoto, anaweka kidole chini ya silabi, anangoja. Hamwahishi, wala hamtajii. Mtoto akipatia, anasogeza kidole. Shule nzuri inatengenezwa pale, na mtu wa namna hiyo halipwi kwa ahadi.

Kuhusu ada, ijueni mifuko ya watu wenu. Tanga si Dar es Salaam. Kuna mvuvi wa Sahare ambaye kusi ikivuma kwa nguvu harudi na kitu cha maana. Kuna mkulima wa machungwa wa Muheza anayeshika fedha msimu wa mavuno tu. Kuna kibarua wa shamba la mkonge, kuna mama lishe anayepata kila siku lakini kidogo. Ukiwaambia wote walipe nusu ya ada Januari na nusu Julai, umewachagua wenye mshahara na kuwafukuza wengine bila kutamka. Sisi tunakaa na kila mzazi Novemba, tunaandika jinsi atakavyolipa, anatia saini, nasi tunatia. Mama lishe hutuma kidogo kidogo kwa simu, na kufikia Oktoba mara nyingi huwa amemaliza kabla ya wenye magari.

Mtoto asirudishwe nyumbani na barua ya ada. Naomba hili mlishike. Ada ni jambo la watu wazima. Mpigie mzazi, mwite, zungumzeni mlango umefungwa. Kwa ambao kweli hawawezi, tengeni mfuko wenye kanuni zilizoandikwa. Kwetu ni sadaka ya Jumapili moja kila muhula, na jina la mtoto anayesaidiwa halisomwi kanisani. Ilipoanza elimu bila ada mwaka 2016, wazazi kadhaa walihamishia watoto shule za Serikali. Tuliwapa taarifa za maendeleo na kuwaombea. Baadhi waliturudia na wadogo wa watoto hao.

Upande wa majirani zetu Waislamu, Tanga haina shule ya Kikristo itakayosimama bila wao, na hata ingeweza kusimama nisingeitaka. Bibi mmoja alikuja na mjukuu wake amemshika mkono, akanisalimu, akaketi, akasema:

“Mwanangu, nasikia mnasomesha vizuri. Nami nataka asome. Lakini huyu ni mtoto wa Kiislamu, baba yake yuko baharini, mimi ndiye nitakayeulizwa.”

Nikamwambia, “Bibi, hapa asubuhi tunasali sala ya Kikristo. Yeye atasimama kimya na wenzake, hatalazimishwa kutamka. Kipindi cha dini atakwenda kwa ustadhi wake. Ijumaa ataruhusiwa mapema. Na hakuna mtu atakayembatiza bila ninyi.”

“Yameandikwa?”

Yalikuwa yameandikwa. Nikampa karatasi, akamwita kijana aliyekuwa nje na bodaboda aje amsomee. Akaisikiliza yote, akauliza kuhusu chakula, nikamweleza kwamba kuku wetu huchinjwa na Mwislamu wa jirani na nguruwe haingii jikoni. Akaomba peni.

Andikeni karatasi kama ile kabla hamjaandika wimbo wa shule. Ramadhani ikifika, mtoto anayefunga apewe mahali pa kupumzika wakati wenzake wanakunywa uji. Msifiche imani yenu pia. Mzazi aliyeambiwa ukweli siku ya kwanza hana ugomvi nanyi siku ya mahafali, watoto wanapoimba zaburi.

Fedha za kanisa na za shule zisikae akaunti moja. Paa la kanisa likivuja, lisizibwe kwa ada. Na shule ikipungukiwa, isijazwe kwa sadaka kimyakimya, bali bodi ikae, iamue, iandike. Kwenye bodi wekeni wazazi, hata wasio wa kanisa lenu, na mtu anayejua kusoma hesabu. Mchungaji awe mlezi na muombezi wa shule. Kutia saini hundi kuachiwe wengine, kwa faida yake mwenyewe. Wafadhili wakija na kutaka kujenga maktaba au maabara ya kompyuta, waulizeni kwa upole nani atalipa umeme na fundi mwaka wa pili. Aliye na nia njema atafurahi kuulizwa.

Kuhusu matokeo, Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023, na mimi nililipokea kwa furaha. Mashindano yale yaliwafanya baadhi ya wenye shule kuwachuja watoto wazito, kuwahamisha kabla ya mtihani ili wastani upande. Shule yenye msalaba getini haiwezi kumfukuza mtoto kwa sababu anajifunza taratibu. Wastani wetu ni mzuri, haujawahi kuwa wa kwanza mkoani, na wazazi wetu wanajua kwa nini.

La mwisho ni kwa mlioanza tayari, na linahitaji kalamu na karatasi wiki hii. Kwa mtaala mpya ulioanza 2024, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita, na mwaka 2027 darasa la sita na la saba wanatarajiwa kumaliza pamoja. Maana yake Januari 2028 shule itafungua ikiwa imepoteza madarasa mawili kwa mpigo, ada zake zote, huku walimu wakiwa wale wale. Anayedhani atafidia kwa kufungua kidato cha kwanza, usajili wa sekondari ni safari nyingine kamili, una majengo yake na walimu wake. Sisi tumeanza kuweka sehemu ya ada ya kila muhula kwenye akaunti ya pembeni kwa ajili ya mishahara ya mwaka huo, na tumeongeza mkondo mmoja wa awali ili watoto wanaoingia chini wawe wengi zaidi. Pigeni hesabu zenu mapema, na walimu waelezeni mapema vilevile, ili wasisikie habari za kupunguzwa kutoka kwa watu wa nje.