Maswali ya Wasomaji: Kadi ya Macho Inasema Nini?

Nimepimwa macho kliniki mbili ndani ya mwezi mmoja. Jicho la kulia, kadi ya kwanza imeandikwa -2.00 / +0.50 x 90. Ya pili inasema -1.50 / -0.50 x 180. Nani kakosea? – Msomaji, Tanga

Hakuna aliyekosea. Ni lenzi ileile, imeandikwa kwa mitindo miwili.

Namba ya kwanza, SPH, ni nguvu kuu ya lenzi kwa dayopta, yaani kipimo cha nguvu ya lenzi. Alama ya kutoa ni ya mtu asiyeona mbali vizuri. Ya pili, CYL, inasahihisha jicho ambalo kwa kawaida konea yake, ile sehemu angavu ya mbele, haikupinda sawasawa pande zote. AXIS ni mwelekeo wa masahihisho hayo, kuanzia nyuzi 1 hadi 180. Wapo wapimaji wanaoandika CYL kwa kujumlisha, wengine kwa kutoa.

Hakiki mwenyewe. Jumlisha SPH na CYL: -2.00 na +0.50 ni -1.50, ndiyo SPH mpya. Geuza alama ya CYL. Kisha AXIS: ikiwa 90 au pungufu, ongeza 90, ikizidi, toa 90. Umefika kwenye kadi ya pili.

Balaa huanza mtu anapochanganya kadi mbili, au fundi wa miwani anaposoma +0.50 kama -0.50 kwa sababu mwandiko ni mbaya. Hapo lenzi itakuwa na kosa la dayopta nzima katika mwelekeo mmoja, nawe utarudi dukani kichwa kinauma. Mpe kadi moja tu, na alama zionekane wazi. Hakikisha pia macho hayajabadilishana: OD ni la kulia, OS la kushoto. Ni vifupisho vya Kilatini.

Shuleni wamepima mwanangu wakasema ana 6/12. Amebakiwa na nusu ya uwezo wa kuona? – Mzazi, Kisumu

La, mzazi, hiyo si sehemu ya hesabu. Namba ya juu ni umbali wa kupimia, mita 6. Ya chini ni umbali ambao jicho zima lingeusoma mstari huohuo. Mwanao anasoma akiwa mita 6 kile ambacho mwingine angekisoma akiwa mita 12. Marekani hupima kwa futi, ndiyo maana huko husema 20/20 badala ya 6/6. Mfumo wenyewe ni wa Herman Snellen, daktari Mholanzi, aliyetoa chati yake mwaka 1862.

Herufi za mstari wa 6/6 zina kimo cha karibu milimita 9, za 6/60 karibu milimita 87. Kwa hiyo chati ya mita 6 ikitundikwa kwenye chumba cha mita 4, mtoto mwenye kasoro anaweza kupita. Wapo pia wanaokariri mstari kwa kumsikiliza aliyetangulia, na wanaochungulia katikati ya vidole. Jicho lifunikwe kwa kiganja kilichokunjwa kidogo, bila kulibonyeza.

Mpeleke apimwe upya, naye achungulie kupitia tundu dogo la takriban milimita 1. Akisoma mistari zaidi, huenda miwani itamsaidia. Asipoongeza hata mmoja, daktari aangalie ndani ya jicho. Uliza kuhusu matone ya kulegeza misuli ya jicho. Bila hayo jicho la mtoto hujikaza na namba hudanganya. Baada ya matone ataona ukungu akisoma na mwanga utamsumbua, mara nyingi hadi siku ya pili.

Nina kisukari. Miwani niliyotengeneza juzi tayari hainifai. – Msomaji, Dodoma

Sukari ikipanda au ikishuka sana, lenzi ya ndani ya jicho hubadilika, na namba nayo. Dhibiti sukari kwanza, itulie kwa wiki kadhaa, ndipo upimwe miwani. Uchunguzi wa retina, ile sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea picha, usiusubirishe: huo ufanywe sasa, na urudiwe kila mwaka.