Kabla Hujafungua Kituo cha Kuchaji Boda za Umeme Kijijini

Mtu akinipigia kutaka kituo cha kuchaji boda za umeme huku kwetu Bungoma, swali lake la kwanza huwa bei ya chaja. Langu huwa: transfoma iko wapi, na nani mwingine anaitegemea?

Chaja utaipata Nairobi wakati wowote. Kazi iko kwenye laini. Nyingi za vijijini ni za fezi moja (zisizobeba mzigo mkubwa), na transfoma ya kVA 50, yaani isiyozidi kilowati 50 hivi, huenda inalisha shule, zahanati, maduka na mashine ya kusaga mahindi. Sasa chukua betri ya boda ya volti 72 na Ah 40: hiyo ni karibu kWh 2.9. Ukichaji kumi kwa mpigo, kila chaja ikivuta kilowati moja, umeshachukua kilowati 10 peke yako.

Kwa hiyo nenda na mita yako ya kupima volti saa moja jioni. Ukienda asubuhi, soketi itakusomea volti 240 na utarudi ukitabasamu. Jioni, taa zimewaka kila boma na mashine ya kusaga bado iko kazini, nimeona mita ikishuka hadi 190, tena ikiruka kila mota ya mashine inapowashwa. Kuna chaja zinazojizima hapo, na kuna zinazovumilia hadi ziungue.

Ndiyo maana mimi napendelea betri za kubadilisha. Unachaji usiku kijiji kikiwa kimelala, na mchana mwenye boda anabadilisha na kurudi stagi kabla abiria hajachoka kungoja. Usiku pia una faida ya bei: tangu 2023 EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, imeweka bei maalumu ya kuchaji vyombo vya umeme, na saa za usiku ni nafuu zaidi. Ila ulizia Kenya Power kwanza ni lazima utumie umeme kiasi gani ili uipate. Duka dogo huenda lisifikie kiasi hicho. Ile chaja ya magari ya kilowati 50 waachie wa barabara kuu ya Webuye–Malaba, maana ingemeza transfoma nzima ya kijiji.

Sola je? Paneli ya wati 400 siku ya jua zuri hutoa kWh 2 hivi. Betri kumi zinataka paneli kama 15, bila kuhesabu umeme unaopotea njiani wala mawingu yetu ya alasiri. Iwe ya kusaidia tu.

Halafu kaa na wenye boda, uwaulize wanakokwenda na wanabeba nini. Kilomita zilizoandikwa kwenye karatasi ya kampuni si za mtu anayepanda kutoka Kimilili hadi Kapsokwony na magunia mawili ya viazi. Kituo kikae chini, kabla ya mlima, aanze kupanda na betri iliyojaa. Kushuka hatumii sana.

Chumba kiwe cha matofali, chenye matundu ya hewa, si kibanda cha mabati kinachochemka saa nane. Earthi ipimwe, kinga ya radi iwekwe. Radi za huku hazina mzaha. Na watoto wasilale humo.