Wikiendi ndefu Kisumu kutoka Mwanza: siku tatu ambazo ukweli wake ni moja na nusu

Kalenda ikionyesha tu Ijumaa au Jumatatu ya sikukuu, makundi ya WhatsApp ya Mwanza huwaka: safari hii tuvuke mpaka. Wazo ni zuri. Kinachoharibika ni hesabu ya muda. Toa siku ya kwenda, toa ya kurudi, kinachobaki ni siku moja na vijisaa vya jioni. Kwa hiyo kwa siku tatu jibu letu ni Kisumu, ng'ambo Kenya. Kampala kwa njia ya Bukoba na Mutukula itawameza. Mtafika mmechoka, mtalala, mtageuza.

Kigali iwekeni kwenye likizo ya siku nne au tano. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kusubiri kivuko kumekwisha na safari ya Geita hadi Rusumo, mpakani na Rwanda, imekuwa nyepesi. Ila angalieni tarehe. Sikukuu yetu ya Karume, 7 Aprili, ndiyo siku Rwanda inapoanza wiki ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari. Hakuna muziki, hakuna shamrashamra, na mgeni anayetafuta disko siku hizo anajiaibisha. Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi watu wako kwenye umuganda, yaani kazi za pamoja za kijamii, na maduka mengi yamefungwa. Saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja, na magari hupita kulia. Dereva wenu asisubiri kuyajua hayo akiwa pale Rusumo.

Turudi Kisumu.

Nyaraka kwanza, na ianze wiki tatu kabla. Kitambulisho cha NIDA hakivushi mtu. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana raia wao watumie vitambulisho kati yao, Tanzania haimo, kwa hiyo usidanganywe na Mkenya aliyeingia Kampala na kitambulisho mfukoni. Unahitaji pasipoti, au hati ya dharura ya safari kutoka ofisi ya Uhamiaji. Kila kundi lina mmoja atakayesema "yangu ipo" bila kuitazama. Mwambie apige picha ukurasa wa tarehe ya mwisho, aitume kwenye kundi leo.

Kisha kadi za njano, ambazo ni mbili na watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya mtu: cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo huhesabika kuanzia siku ya kumi baada ya kuchomwa, hivyo kukimbilia sindano Alhamisi ili msafiri Ijumaa hakusaidii. Ukishachomwa, cheti ni cha maisha. Ya pili ni ya gari: bima ya COMESA, inayokatwa kwa kampuni ya bima kabla ya kuondoka, kwa sababu bima yako ya kawaida haikulindi ukishaingia Kenya. Kama mnaenda na gari binafsi, bebeni kadi halisi ya gari. Na kama jina lililoandikwa si la aliye kwenye usukani, iwepo barua ya mmiliki ya kuruhusu litoke nchini. Gari la shemeji bila barua ndilo linaloishia kuegeshwa mpakani Sirari huku wanne wamenuna.

Wanne, ndiyo. Hiyo ndiyo idadi yetu. Gari dogo linatosha pamoja na mabegi, vyumba viwili vinatosha, teksi moja inatosha. Wa tano akiongezeka, kila kitu kinahitaji cha pili.

Kwa basi, magari ya Tarime na Sirari yanaanzia stendi ya Nyamhongolo. Ondokeni alfajiri, saa 11 au 12, ili mpaka muuvuke mapema mchana na Kisumu mfike kabla giza halijaingia. Kwa gari binafsi, mwendo wa kukimbia hausaidii: Magu, Lamadi, Bunda, kote kuna vibao vya 50 na tochi, na faini mbili zinamaliza hela ya chakula cha usiku. Upande wa pili, kati ya Migori na Rongo, trekta za miwa za Awendo hujaza barabara, na milima ya Kisii hunyesha mchana bila kuuliza msimu. Matuta yao mengi hayana rangi. Mtayajua mkisharuka.

Sirari, upande wetu, na Isebania, upande wa Kenya, ni kituo kimoja cha pamoja, na hapo ndipo wengi hukosea. Ukitoka Tanzania, unapita moja kwa moja hadi jengo la upande wa Kenya. Maofisa wa nchi zote mbili wako humo. Dirisha la kwanza ni la Tanzania, unagongewa muhuri wa kutoka. La pili ni la Kenya, muhuri wa kuingia. Anayefuata mstari mfupi anaruka la kwanza, na siku ya kurudi anaulizwa alitoka lini. Kabla hujaondoka dirishani fungua pasipoti, hesabu mihuri miwili, soma tarehe. Kila mtu asimame mwenyewe. Kumtuma mmoja na pasipoti nne ni kutafuta maswali. Kijana wa bodaboda atakuja kuwaambia foleni ni ndefu na yeye anajua njia. Njia hiyo ipo kweli. Haina muhuri, na polisi wa Migori wanaijua kuliko yeye.

Fedha badilisheni dukani au benki, si mikononi mwa anayekunja noti. Mkipewa noti ya 1,000 ya Kenya, itazameni mbele: ya sasa ina jengo la KICC, lile la mikutano la Nairobi. Yenye sura kubwa ya Mzee Kenyatta ilifutwa, haina thamani tangu Oktoba 2019. Shilingi moja yao imekuwa ikicheza karibu na ishirini za kwetu, kwa hiyo hesabu ya haraka ni kuongeza sifuri kisha kuzidisha mara mbili. Samaki wa 600 ni 6,000, mara mbili, 12,000. Mtu akikuambia "soo mbili", ni mia mbili. "Thao" ni buku.

Urafiki huvunjika kwenye bili kuliko barabarani, kwa hiyo mfuko wa pamoja uchangwe kabla ya safari. Tuseme 150,000 kila mtu: inakuwa 600,000, kama 30,000 za Kenya. Mfuko unalipa nauli au mafuta, vyumba na milo. Bia, zawadi na vocha kila mtu na chake, maana asiyekunywa huhesabu chupa kimoyomoyo hata akitabasamu. Mtunza mfuko awe mmoja, si yule mkarimu. Sehemu moja ya kumi ifungwe kwenye bahasha, isiguswe mpaka mkirudi Isebania. "Nitawatumia Jumatatu" isikubaliwe. Asiyechanga kufikia Jumatano nafasi yake inapewa mwingine.

Mkipiga simu kuweka vyumba, ulizeni bei ni ya chumba au ya kichwa. Ulizeni pia chandarua na feni. Kisumu ina joto na mbu kama kwetu.

Dunga, ufukweni Kisumu, ndiko kwa samaki. Ukiagiza sato utatazamwa. Huko anaitwa ngege, sangara ni mbuta, dagaa ni omena. Chagua samaki akiwa mbichi, kubalianeni bei kwa ukubwa wake, ndipo aingie kwenye mafuta. Akishakaangwa huna tena la kusema. Ombeni wa mchuzi kama mnakula na ugali. Mtumbwi wa kuzunguka ziwa uwe wa asubuhi, kwa sababu mchana upepo huamka na magugu maji husukumwa yakaziba ufukwe. Bei iwe ya mtumbwi mzima, muda utajwe, na kila mtu avae boya kabla ya kusukumwa majini.

Mifuko ya plastiki iacheni nyumbani. Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017 na faini yake haina utani.

Siku ya kurudi tokeni Kisumu saa 1 asubuhi. Watu huanza kuaga, kisha mtu anataka viatu vya sokoni, na saa 4 bado mko mjini. Viatu vinunuliwe jana yake. Sarafu za Kenya wabadilishaji hawazitaki, hivyo zikusanyeni zote gari likisimama Kisii, mnunue ndizi. Noti zilizo kwenye bahasha zibadilishwe Isebania, zigawanywe kwa nne hapo hapo.