BCR-ABL1: Mnapima RNA au Mnapima Bahati?

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu wagonjwa wa CML, saratani ya damu inayoletwa na jeni mbili zilizoungana, BCR-ABL1; maabara huifuatilia kwa kuhesabu nakala za RNA ya jeni hiyo kwenye damu.

Chupa ya kijani inafaa kuchukulia damu ya kipimo hiki?

Haifai. Ina heparini, nayo huzuia PCR, mbinu ya kuzalisha nakala ili zihesabike. Tumieni zambarau, yenye EDTA ya kuzuia damu isigande. Mara ngapi tuliseme?

Damu imetoka mkoani, imekaa siku tano kwenye kibebeo cha barafu. Tuipime?

Kuipima mtaipima, ila majibu msiyategemee. RNA inaharibika wakati chupa inasubiri basi. Chukueni mL 10 hivi, zifike maabara ndani ya saa 24, zisizidi 48. Ikishindikana, vunjeni seli nyekundu huko huko, seli nyeupe ziyeyusheni kwenye Trizol, kimiminika cha kuhifadhi RNA, kisha zigandisheni kwenye nyuzi -80. Damu nzima msiigandishe: seli nyekundu zikipasuka, himu yake (kiini cha rangi nyekundu ya damu) nayo huzuia PCR.

Ripoti imeandika "haikuonekana". Mgonjwa amepona?

Tazama kwanza nakala za ABL1, jeni ya kawaida inayoonyesha kama RNA ilitosha. Zikiwa chini ya 10,000, sampuli ilikuwa mbovu na hiyo "haikuonekana" haina maana yoyote. Anayetaka kutamka MR4.5, yaani BCR-ABL1 imeshuka hadi 0.0032% au chini, awe na angalau 32,000. Ripoti isiyotaja ABL1 irudishwe ilikotoka.

Halafu, aina ya nakala ya BCR-ABL1 (huandikwa e13a2, e14a2, e1a2) ilijulikana kabla ya dawa? Kipimo cha p210, kilicho cha kawaida, hushika e13a2 na e14a2. Mwenye e1a2 ataambiwa hana kitu huku seli nyeupe zikipanda. Na hata ripoti ikiwa safi, imatinib, dawa ya CML, haiachwi kwa karatasi moja.

Mwezi wa tatu wa dawa BCR-ABL1 ilikuwa 0.9%, wa sita 1.4%, maabara tofauti. Dawa imegoma?

Zote mbili zilikuwa kwa kipimo cha kimataifa, IS, kinachofanya majibu ya maabara mbalimbali yalingane? Kama sivyo, hazilinganishwi. Kama ndivyo, tofauti hiyo inaweza kuwa ya kipimo chenyewe. Malengo ni isizidi 10% mwezi wa tatu, 1% wa sita, 0.1% wa kumi na mbili; 1.4% ni onyo tu. Rudieni maabara moja, na muulizeni kwa upole vidonge anavyomeza. Wengi huruka dozi na hawasemi.

Kipimo hiki kinaonyesha T315I, badiliko la jeni linalofanya dawa zigome?

Hapana. Kinahesabu nakala, hakisomi herufi za jeni. Ombeni usomaji wa mfuatano wa herufi hizo, mkijua kwamba Sanger, mbinu ya kawaida ya usomaji huo, haioni mabadiliko yaliyo chini ya asilimia 15 hadi 20 hivi. Imatinib na dawa za jamii yake, dasatinib na nilotinib, hazifui dafu kwa T315I.

Kisima chetu cha maji matupu, kisicho na sampuli, kimetoa Ct 37 (idadi ya mizunguko ya PCR kabla ishara kuonekana). Tuondoe 37 kwenye hesabu?

Msithubutu! Huo ni uchafuzi. Futeni majibu yote ya upimaji huo, mwageni vitendanishi vilivyofunguliwa, mrudie. Mirija ambayo nakala zake zimekwisha kuzalishwa isifunguliwe, na koti la chumba cha mashine lisiingie chumba cha kuandaa mchanganyiko.