Ukaguzi wa umeme kwenye nyumba kongwe za kupanga: anzeni koridoni

Wadogo zangu mnaoanza kushika megga, kile kipimo cha kuona kama ganda la waya linavujisha umeme, kwenye nyumba ya kupanga ya miaka ya sabini msikimbilie ubao wa fyuzi. Anzeni koridoni, kwa wapangaji. Mwenye nyumba atasema umeme hauna shida. Mama wa chumba cha tatu ndiye atakayewaambia friji yake inapiga shoti akiishika akiwa pekupeku.

Mimi nilijifunza hilo kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza nilikagua nyumba ya vyumba sita Magomeni. Nikafungua soketi, nikaona waya wa kijani wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme uliovuja, umekaa mahali pake, nikaandika "ethi ipo". Wiki mbili baadaye simu: friji zinapiga. Kuufuata ule waya, nikaukuta umefungwa kwenye bomba la chuma nyuma ya choo. Enzi hizo ilitosha, bomba lilizama ardhini. Ila fundi bomba alishakata kipande akaweka plastiki, kwa hiyo ethi ya nyumba nzima ilikuwa inaishia hewani. Friji moja ikivuja, vyombo vyote vya chuma vilivyochomekwa vinapata umeme. Tangu siku hiyo ethi siiangalii, naipima.

Rangi nazo zitawadanganya. Kwenye waya wa zamani nyekundu ni laini, yaani wenye moto, na nyeusi ni nyutro, wa kurudisha umeme. Kwenye waya wa leo laini ni kahawia na nyutro ni bluu. Nyumba ikiwa na fezi tatu ndiyo balaa: bluu ya zamani ni laini, na nyeusi ya leo pia ni laini. Chumba kilichoongezwa juzi kimeungwa na cha zamani huko juu ya dari. Testa kwanza, mkono baadaye.

Halafu zile fyuzi za kufunga waya. Ya taa inataka waya wa ampea 5. Mtakuta nyuzi nne za shaba zilizochunwa kwenye kebo. Mpangaji kavuta soketi kutoka kwenye taa, kachomeka hita ya wati 2,000, ambayo ni karibu ampea 9. Fyuzi haikatiki. Waya ulio juu ya dari ndio unakuwa fyuzi.

Ukishazima, chomoa fyuzi utie mfukoni. Ukiiacha juu ya ubao, kijana aliyetoka kazini anataka kuchaji simu atairudisha wewe ukiwa darini.

Kabla ya kupiga megga ya volti 500, chomoa televisheni na toa balbu za LED. Saketi ikisoma chini ya megaomu 1, usiipitishe. Na kitufe cha T (test) kwenye RCCB, ile swichi inayojikata umeme ukivuja, kinapima kifaa chenyewe tu, ethi hakiijui.

Mwenye nyumba akilia hana hela ya wayaringi mpya, mwelewe, ipangieni miezi. Lakini nguzo ya ethi, ile fimbo ya chuma inayozamishwa ardhini, na RCCB ya miliampea 30 mwambie zifungwe wiki hii, na umwambie wapangaji wakisikia.