Kusoma uso wa mgombea: je, unamjua mkweli?

SWALI: Habari daktari. Kuna mwalimu mmoja mtandaoni anafundisha kusoma uso, anasema mgombea akitupa macho kulia anadanganya, na eti sayansi imethibitisha uso unaonyesha kiongozi bora. Nilipie hiyo kozi?

JIBU: Usilipie. Hili swali naletewa kila uchaguzi ukikaribia na linaniuma, maana watu wanauziwa utafiti wa kweli uliogeuzwa miguu juu kichwa chini.

Utafiti wenyewe upo, mwaka 2005 Alexander Todorov na wenzake kule Marekani waliwaonyesha watu picha mbili mbili za wagombea wa Seneti wasiowafahamu, sekunde moja tu, wakawauliza yupi anaonekana kazi anaiweza, na aliyechaguliwa ndo aliyekuwa ameshinda kwenye kama asilimia 70 ya majimbo. Halafu 2009 John Antonakis na Olaf Dalgas wakawapa watoto wa Uswisi picha za wagombea ubunge wa Ufaransa, wakawaambia mnasafiri na meli, nani awe nahodha? Watoto wakabashiri washindi karibu sawa na watu wazima. Sasa hapo tulia kidogo, mtoto wa shule ya msingi hajui bajeti wala sera, ameona sura basi, na sisi wapiga kura tumeenda kuchagua ileile sura! Kwenye tafiti hizo hakuna aliyepima kama huyo mshindi alikuja kuongoza vizuri. Waliopimwa ni sisi, mgombea hakupimwa.

Hayo ya macho kulia ni uongo mtupu, Richard Wiseman na wenzake waliyajaribu 2012 hawakukuta uhusiano wowote. Na kwa ujumla binadamu tukimtazama tu mtu tunapatia kama anadanganya mara 54 hivi kwenye 100, yaani karibu na kurusha shilingi.

Wewe kabla ya mdahalo soma alishapitisha nini, alipinga nini, andika maksi zako kwenye karatasi, ndo uwashe TV. Gabriel Lenz na Chappell Lawson waliona sura inawabeba zaidi wale wanaotazama sana TV huku siasa wanazijua kidogo.

Na hawa walimu wa uso hawaishii kwa wagombea jamani, nimeshapokea watu waliovunja uchumba kisa mwenzake alikwepa macho akiulizwa swali, na mabosi wanaonyima watu kazi kwa hilohilo, kumbe mtu alikuwa na woga tu.