Anko, nianzie wapi? Jibu langu kwa kijana anayependa picha za mazimwi wa zamani

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mwanza alinitumia meseji saa sita usiku, ndefu, haina nukta hata moja, nikajua huyu kaandika kwa moyo. Anasema, "Anko shikamoo, mi napenda sana zile picha za zamani za kutisha zisizo na rangi, washkaji wananicheka wanasema nimezeeka kabla ya wakati, na nataka nijifunze mekapu ya mazimwi ila nina miaka ishirini na mbili naona muda umekwenda, nianzie wapi?" Nikaanza kumjibu palepale, nikajikuta saa nane bado naandika, basi nikaona jibu niliweke hapa maana najua hayuko peke yake, mko wengi mnaotaka hii kitu ila mnaona aibu kusema.

Kwanza nikuambie mi nilianzia wapi.

Nimekulia Temeke. Miaka ya 1980 huku bara hatukuwa na televisheni, kituo cha kwanza kimekuja 1994, kwahiyo ukiona nyumba ina skrini ujue ina deki, na mwenye deki mtaa mzima ni ndugu zake. Baba mkubwa alikuwa baharia, kila akirudi anakuja na kanda, nyingi za karate na za vita. Mwaka 1989 nikiwa na miaka kumi na mbili alileta moja haina kava, imeandikwa kwa kalamu tu ubavuni, Frankenstein. Tukakaa mkekani watoto kama ishirini, na swali letu la kwanza lilikuwa lile la siku zote, steringi nani? Maana sisi tulijua steringi hafi na adui lazima apigwe, ukishamjua steringi unatulia. Binamu yangu akaonyesha kidole lile jitu lenye paji la uso bapa na vyuma shingoni akasema huyo ndo adui.

Mi nikakubali. Mpaka ikafika pale ziwani.

Kama hujaiona, iko hivi, daktari kaliunda zimwi kwa maiti akalifufua, limetoroka, kila mtu linayekutana naye anapiga kelele, halafu linakuta katoto ka kike kako peke yake kando ya maji, hakakimbii, kanampa ua. Wanakaa wanarusha maua majini, maua yanaelea, na yule jamaa anacheka, ndo mara ya kwanza kwenye picha nzima anafurahi. Maua yanaisha. Anaangalia mikono yake mitupu, anamwangalia mtoto, na kwa akili yake anaona huyu naye ataelea. Kanda yetu ilikatwa kabla hajamrusha, tukaona tu ananyoosha mikono halafu baadaye baba mtu anapita mjini kambeba mtoto amekufa, na sisi tukadhani kafanya unyama usiosemeka. Nimekuja kujua ukubwani kwamba wakaguzi walikikata kile kipande miaka mingi na kimerudishwa miaka ya 1980, na kukikata kulifanya zimwi lionekane baya kuliko lilivyo, maana ukikiona kizima unaona anavyochanganyikiwa, anajaribu kumtafuta. Mi hata bila hicho kipande nililia. Nililia kwa ajili ya zimwi, nikaficha uso kwenye shati wenzangu wasinione.

Hapo ndo maisha yangu yalipogeuka na sitanii.

Baadaye nikaanza kumtafuta yule mtu ni nani. Mwanzo wa picha, kwenye majina ya waigizaji, pale pa zimwi waliweka alama ya kuuliza tu, jina linakuja mwishoni, Boris Karloff. Jina lake la kuzaliwa ni William Henry Pratt, mtoto wa London, alivuka kwenda Kanada mwaka 1909 akapiga vibarua, akaendesha malori, akacheza vijisehemu kwenye picha chungu nzima hakuna anayemjua. Frankenstein inapigwa mwaka 1931 ana miaka 43. Arobaini na tatu! Wewe una ishirini na mbili unaniambia muda umekwenda, muda gani?

Na mekapu ile ilikuwa ya Jack Pierce, mzaliwa wa Ugiriki, alikaa na Karloff kama saa nne kila siku anajenga kichwa kwa pamba na gundi ya maji maji, tabaka juu ya tabaka. Ila kitu kikubwa kuliko vyote kwangu ni kope. Karloff mwenyewe alijitazama kwenye kioo akaona macho yake yana akili sana, huyu kafufuliwa jana hawezi kuwa na macho ya mtu anayeelewa dunia, akamwomba Pierce amwekee nta kwenye kope zilemee. Kitu kidogo vile. Watu wanakumbuka vyuma vya shingoni lakini kilichokuliza ni kope.

Ndo maana ushauri wangu wa kwanza ni huu, mtazame macho. Kabla hujatazama damu, kabla hujatazama meno, macho.

Sasa nije kwa Bela Lugosi, yule aliyemcheza Dracula mnyonya damu, maana najua utaniuliza mbona sijamtaja. Huyu kazaliwa 1882 mji wa Lugos, wakati ule ni Hungaria sasa hivi uko Romania, na jina la kisanii kalitoa kwenye huo mji. Kafika Marekani Kiingereza kinampa shida, 1927 akapanda jukwaani Broadway, kule kwenye maigizo makubwa ya New York, kama Dracula, 1931 wakaipiga picha, na malipo yake yalikuwa dola 500 kwa wiki, wiki saba basi. Studio ikavuna yeye akabaki na ile sauti. Kwenye picha utaona kila wakimsogelea uso, macho yake yanawaka peke yake, walimwelekezea vijitaa vidogo vimurike machoni tu, uso wote uko kwenye kivuli. Na haina muziki ile picha, ukiondoa mwanzoni na pale kwenye ukumbi wa tamasha ni kimya kitupu, vijana wengi wanaichoka wanaanza kurusha mbele. Usirushe mbele. Kile kimya ndo kinachotisha, mtu anapanda ngazi na hakuna kinacholia.

Halafu usiku, Dracula wa Kiingereza wakienda kulala, kundi jingine lilikuwa linaingia kwenye majengo yaleyale linapiga picha ileile kwa Kihispania, Dracula akiwa Carlos Villarías. Wataalamu wengi wanasema kamera ya ile ya usiku ni nzuri zaidi na kweli inatembea, inapanda, ina uhai, lakini mi nasema haina macho ya Lugosi na hapo kwangu mjadala umefungwa.

Lugosi alimcheza Dracula kwenye sinema kubwa mara mbili tu, 1931 na tena 1948 kwenye picha ya kuchekesha. Katikati na baadaye alipewa makombo. Mwaka 1955 alijipeleka mwenyewe hospitali akasema nina uraibu wa dawa nisaidieni, mzee wa miaka 72, nyota, anasimama mbele ya watu anasema hivyo, wangapi leo wanaweza? Kafariki 1956 na familia ikamzika na joho la Dracula. Nikifika hapa huwa nanyamaza kidogo.

Tena kuna kitu cha nyumbani ambacho vijana hamkijui. Bibi yangu wa Pangani alikuwa anatutisha na mumiani, kwamba kuna watu wanakamata watoto jioni wananyonya damu wakatengeneze dawa, ikifika magharibi wote ndani. Ndo nilipoiona The Mummy ya 1932, Karloff tena, nikaja kugundua kuwa neno mumiani na hilo neno la Kizungu la maiti waliokaushwa Misri asili yake ni moja, mumiya, ile dawa nyeusi kama lami ya huko Uajemi na Uarabuni. Nilisisimka mwili mzima. Yaani kumbe hofu ya Bibi na hofu ya Hollywood zimetoka chungu kimoja! Kwenye ile picha Pierce alitumia kama saa nane kumviringisha Karloff kwa vitambaa, na maiti yenyewe inaonekana dakika chache tu mwanzoni, na huoni hata ikitembea. Unaona jicho linafunguka kidogo. Mkono unashuka. Halafu mkono unachukua karatasi mezani, kijana anageuka, anapiga kelele, anaanza kucheka kicheko cha kichaa, na kinachobaki kwenye skrini ni ncha za vitambaa zinaburuzwa kutoka mlangoni. Basi. Saa nane za kazi kwa jicho moja kufunguka. Umeona? Macho.

Nakuja kwenye hili la kuchekwa. Mwaka 1998 nilikuwa na kanda kumi na saba, nimezikusanya miaka tisa, nyingine nimebadilishana na saa yangu ya mkononi, na ndugu yangu wa karibu sana akaja nyumbani sipo akazitoa zote uani akazichoma, akasema ni za shetani ndo zinafanya sioi. Nimerudi nimekuta plastiki imeganda mchangani. Nilimsamehe, alishatangulia mbele za haki, lakini siwezi kukuambia kwamba haiumi, inauma mpaka leo nikisikia harufu ya plastiki inaungua. Kilichoniinua ni kusoma habari ya Nosferatu, ile ya Ujerumani ya 1922 yenye Max Schreck. Ni hadithi ya Dracula, waliipiga bila ruhusa ya mjane wa Bram Stoker aliyeandika kile kitabu, mama kaenda mahakamani kashinda, ikaamriwa kopi zote ziharibiwe. Zote. Na leo iko bure kwenye intaneti unaitazama na simu yako, kwasababu kuna watu walikuwa na kopi sehemu nyingine wakazitunza. Wakati London After Midnight ya Lon Chaney ya 1927, kopi ya mwisho inayojulikana iliungua na stoo ya studio miaka ya 1960 na mpaka leo imebaki picha za mnato tu. Kwahiyo tunza. Weka kwenye fleshi mbili, moja iache kwa rafiki.

Huyo Lon Chaney mkubwa wazazi wake wote wawili walikuwa viziwi, kakua akiongea kwa mikono na uso, na mekapu alijifanyia mwenyewe kutoka kwenye kisanduku chake. Anza naye kujifunza. The Phantom of the Opera ya 1925, simamisha pale anapovuliwa kinyago, mtazame macho.

Mekapu nimeifanya mi mwenyewe miaka kumi na mbili, kwenye maigizo na kwenye filamu zetu hizi. Nilianza na unga wa ngano, toilet pepa, gundi ya mbao na rangi za maji, nikajichoma ngozi mara mbili, wewe usitumie gundi ya mbao usoni, nakukataza. Nina kovu nililowahi kumtengenezea dada mmoja wa maigizo, mama yake alivyomwona akaita bajaji wampeleke hospitali, najivunia hilo kovu kuliko cheti chochote. Halafu produsa mmoja akaniondoa kwenye kazi katikati kwasababu natumia saa tatu kwa uso mmoja na kuna kijana anatumia dakika ishirini. Nilikaa ndani wiki mbili. Nikamkumbuka Pierce, kaijenga sura ya kila zimwi la Universal, ile studio iliyopiga Frankenstein na Dracula, karibu miaka ishirini, miaka ya 1940 inakwisha studio ikamwacha, wanataka mambo ya haraka, vinyago vya mpira vya kubandika. Na Milicent Patrick aliyebuni sura ya lile zimwi la majini la Creature from the Black Lagoon mwaka 1954 alikaa miongo mingi bila kutajwa. Watakuondoa ndugu yangu. Watakuondoa na hawatakutaja, wewe kaa na uso mmoja saa tatu kama uso unataka saa tatu, wanaokucheka waache wacheke, kwani wao wanalala na nini rohoni? Umeniuliza uanzie wapi, anzia hapo. Kioo, mshumaa, uso wako mwenyewe, na macho.

Ratiba nyingine ni rahisi, Frankenstein kwanza, kisha Dracula, kisha The Mummy, The Invisible Man ya 1933 uone Claude Rains anavyotisha kwa sauti tu mpaka mwisho ndo unaiona sura, kisha The Wolf Man ya 1941. Usiku, taa zimezimwa, simu mbali.

Jumamosi iliyopita baada ya kukujibu nusu ya haya nikaazima projekta, nikatundika shuka ukutani uani kwangu, nikawaita watoto wa jirani. Walikuja tisa. Mwanzoni kelele tupu, mmoja anauliza rangi imeenda wapi. Nikawa nawatafsiria kidogokidogo. Pale ziwani, kipande kizima safari hii, maua yalivyoisha wakanyamaza wote, nikasikia mpaka feni ya projekta. Mwishoni watu wa kijiji wakamkimbiza na mienge, wakamfungia kwenye kinu cha upepo, wakakichoma, yeye yuko ndani analia anaogopa moto, kinu kikaanguka.

Katoto kamoja ka miaka saba kakanishika suruali.

"Anko, mbona steringi kafa?"

Sikuwa nimewaambia steringi nani. Nikachuchumaa nikamwambia hajafa, chini ya kile kinu kuna maji, kaangukia humo, njoo Jumamosi.